Mlima Kitonga Haudanganyiki: Wapenzi wa Magari wa Iringa na Mbeya

Ukitaka kujua mtu wa Iringa analipenda gari lake kiasi gani, usimuulize alilinunua shilingi ngapi. Muulize mara ya mwisho lilipandaje Kitonga. Hapo utasimuliwa yote: mshale wa joto ulifika wapi, gia ya tatu iligoma kwenye kona ipi, lori gani lilikuwa mbele likitambaa, na kama ile harufu iliyoingia dirishani ilikuwa ya klachi yake au ya jirani. Mlima ule unaoitoa barabara kuu kwenye joto la bonde la Ruaha na kuipandisha hadi kwenye baridi ya Ilula umekuwa mkaguzi wa magari kwa zaidi ya nusu karne, na hauhongeki.

Mbele ya mkaguzi huyo wapo wapenzi wa magari wa aina mbili ambao mara nyingi hawaelewani. Wa kwanza wanatunza magari ya zamani: Peugeot 404 na 504, Volkswagen Beetle, Datsun, Land Rover 109 za miaka ya sabini. Wengi ni wazee, au watoto waliorithi gari pamoja na nyumba. Wa pili ni vijana wa Mark II, Chaser, Altezza na Subaru, wanaozitaja namba za injini kama wengine wanavyotaja kikosi cha Simba au Yanga. Wazee wanawaona vijana kuwa ni wapiga kelele. Vijana wanawaona wazee kuwa ni walinzi wa vyuma chakavu. Nimekaa na pande zote mbili, na ninaamini kwamba wanachokipenda ni kitu kimoja, kilichozaliwa na barabara moja.

Barabara yenyewe ni hii inayotoka Dar es Salaam kwenda Zambia. Novemba 11, 1965, serikali ya walowezi ya Ian Smith ilijitangazia uhuru huko Rhodesia. Zambia, nchi isiyo na bahari, iliyozoea kupitisha mizigo yake kusini, ikajikuta haina njia ya uhakika ya kuingizia mafuta wala ya kutolea shaba. Iliyobaki ilikuwa njia ya Morogoro, Iringa, Mbeya na Tunduma, ambayo wakati huo sehemu kubwa ilikuwa vumbi kiangazi na tope masika. Madereva waliiita njia ya jehanamu, na hawakutia chumvi. Mapipa ya mafuta yalipanda Kitonga mgongoni mwa malori, shaba ikateremka Kitonga kwenda bandarini, na kila kona ilikuwa na mabaki ya gari ambalo halikufika.

Mwaka 1966 Tanzania na Zambia, kwa ubia na kampuni ya Kiitaliano, ziliunda shirika la usafirishaji la Zambia Tanzania Road Services, ambalo wengi walilijua kwa malori yake ya Fiat. Mbeya bado ina eneo linaloitwa Mafiati, jina linalokumbusha enzi hizo. Bomba la mafuta la TAZAMA lilianza kazi 1968, lami ikakamilika mwanzoni mwa miaka ya sabini, na reli ya TAZARA ikakabidhiwa 1976. Presha ya Zambia ikapungua. Lakini njia ilikwishaacha kitu huku juu: mafundi. Gari likikatikia Makambako au Igawa lilihitaji mtu wa kulifufua palepale, akiwa na vifaa alivyonavyo, na mtu huyo alikuwa na wanafunzi, na wanafunzi wakafungua gereji zao. Pita leo kuanzia Uyole hadi Mbalizi uone: wachomeleaji, wachonga vyuma, wanyoosha bodi, wauza spea za mtumba, na chini ya kila mti kivulini kuna gari limeinuliwa juu ya jeki na miguu miwili inaonekana chini yake.

Ujuzi huo ulinolewa zaidi na dhiki. Baada ya vita vya Kagera, na bei ya mafuta duniani ilipopanda, fedha za kigeni zilikauka nchini. Spea hazikuagizwa. Watu wazima wanakumbuka marufuku ya magari binafsi kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana, ili kubana matumizi ya mafuta. Mwenye 504 hakuwa na duka la kukimbilia. Alikwenda kwa fundi anayejua kuchonga bushi kutoka kwenye kipande cha chuma kilichotolewa kwenye lori lililokufa, kukata gasketi kwa mkono akifuata alama ya mafuta iliyobaki juu ya bloku, na kufunga plagi ya gari jingine kwa kuongeza washa ili isiguse pistoni. Magari ya kale unayoyaona Iringa yakitembea leo yalivuka kipindi kile kwa mikono ya watu hao. Fedha peke yake isingeyavusha, kwa sababu hata aliyekuwa nayo hakuwa na mahali pa kuitumia.

Kuna mtihani mwingine uliokuja baadaye ambao husahaulika. Mwishoni mwa 2005 nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliacha kuuza petroli yenye risasi. Kwa afya za watoto wetu lilikuwa jambo jema sana. Kwa injini za zamani lilikuwa tatizo, maana risasi ile ndiyo iliyokuwa ikilinda vikalio vya vali vilivyotengenezwa kwa chuma laini. Bila risasi, vali ya ekzosi ilianza kula kikalio chake taratibu, gari likapoteza nguvu, mwenyewe akadhani limezeeka. Fundi mjuzi alifungua silinda hedi, akatoa vikalio vya zamani, akapachika vya chuma kigumu. Kazi hiyo inataka mashine na mkono uliotulia, na aliyeifanyia gari lake anaweza kuendesha miaka mingine thelathini bila hofu.

Wazee wakianza kuzungumzia magari yao, hawachukui muda kufika kwenye Safari Rally, na wana haki. Mbio hizo zilianza 1953 kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwanzoni magari yalipangwa madaraja kufuata bei yake dukani. Lile lilikuwa wazo zuri kuliko yote katika historia ya mbio hizo: mkulima wa Mufindi au karani wa Iringa aliweza kuona gari analoweza kulinunua likipigwa na tope lilelile analolijua yeye. Beetle ilishinda 1954, 1957 na 1962. Injini yake inapozwa kwa hewa, haina rejeta ya kuchemka, na kwa mtu wa milimani hiyo ni sababu tosha ya kulinunua.

Halafu zikaja Peugeot. Mwaka 1963 magari saba tu ndiyo yaliyomaliza mashindano, na 1968 vilevile saba; miaka yote miwili Nick Nowicki na Paddy Cliff walishinda kwa 404. Katikati ya miaka hiyo, 1966 na 1967, ushindi ulikuja Tanzania: Bert Shankland, Mskoti aliyekuwa akiishi Dar es Salaam, akiwa na Chris Rothwell, alishinda mara mbili mfululizo, naye pia kwa 404. Inanisikitisha kwamba jina lake halitajwi mashuleni wala kwenye vipindi vyetu vya michezo. Peugeot 504 ikafuata nyayo na kushinda 1975 na 1978. Datsun zikachukua zamu zao, hasa mikononi mwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda aliyeshinda mara tano, nne kati ya hizo mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982.

Ukiyafikiria matokeo hayo utaona kwamba nguvu ya gari, kwa watu wa kizazi kile, haikupimwa kwa spidi ya juu. Ilipimwa kwa kufika. Gari kali lilikuwa lile linalomaliza. Ndiyo maana mzee wa Kihesa mwenye 404 hatakuambia inakimbia kiasi gani. Atakuambia ilikwenda Mbeya na kurudi, ikiwa imejaza watu, kabla ya lami.

Sasa nije kwenye jambo ambalo wapenzi wa magari wa Dar es Salaam hawalijui kwa sababu hawaliishi. Jiji la Mbeya liko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Iringa haiko mbali na hapo. Hewa ya huku ni nyembamba. Injini isiyo na turbo inavuta hewa kwa nguvu zake yenyewe, na ikivuta hewa nyembamba inapata oksijeni pungufu. Kwa mwinuko wa Mbeya inapoteza takriban moja ya sita ya nguvu iliyokuwa nayo pwani. Gari la kabureta lina adhabu ya pili: kabureta haijui kwamba imepanda mlima. Inaendelea kumwaga petroli kwa kipimo cha pwani ilhali hewa imepungua, na injini inakula zaidi kuliko inavyoweza kuchoma.

Nimewahi kumtazama fundi mmoja mzee jijini Mbeya akiishughulikia 504 iliyokuwa ikitetemeka inaposimama na kutoa moshi mweusi inapokanyagwa. Mwenye gari alikwishabadilisha plagi, koili na waya, bila nafuu. Fundi hakugusa spana mwanzoni. Aliwaomba watu wanyamaze, akachomoa waya wa plagi mmoja, akasikiliza, akaurudisha, akachomoa wa pili, hivyo hivyo hadi wa nne. Kila alipochomoa, mlio ulishuka kwa kiasi kilekile. Maana yake hakuna silinda iliyokufa. Tatizo ni la zote. Ndipo akafungua plagi nne, akazipanga juu ya kitambaa kufuata namba za silinda. Zote zilikuwa nyeusi, zimefunikwa masizi makavu yanayotoka kwa kidole. Akauliza gari limetoka wapi. Lilikuwa limenunuliwa Dar es Salaam muda si mrefu.

Basi akaifungua kabureta, akatoa jeti kubwa na kuweka yenye tundu dogo zaidi aliyoichagua kwenye kopo la kahawa lililojaa jeti za kila namna. Alipowasha tena aliikaza skrubu ya mchanganyiko polepole mpaka injini ikaanza kujikwaa, akairudisha nyuma kidogo kidogo mpaka mlio ukanyooka, kisha akaishika karatasi nyeupe mbele ya bomba la ekzosi. Mara ya kwanza ilirudi na madoa. Akarudi kwenye skrubu, robo ya mzunguko. Mara ya pili karatasi ilitoka na unyevu tu.

Pembeni alisimama kijana mwenye Subaru Impreza, aliyekuja kungoja zamu yake ya kuchomelewa ekzosi. Mkononi alikuwa na simu iliyounganishwa na kompyuta ya gari lake, inayomwonyesha uwiano wa hewa na petroli kila sekunde. Injini ya petroli inachoma kikamilifu inapopata uzito wa hewa 14.7 kwa uzito mmoja wa petroli. Kijana aliisoma namba hiyo kwenye kioo, mzee aliisoma kwenye rangi ya plagi. Kijana akamsalimia shikamoo, akaomba kuonyeshwa zile plagi nne, na mzee akaomba kuiona ile simu. Walikaa hapo juu ya ndoo zilizopinduliwa wakielezana, kila mmoja akishangaa mwenzake anajua. Tangu siku ile siamini tena kwamba kuna kambi mbili.

Hewa hiyo nyembamba ndiyo inayoeleza pia kwa nini vijana wa Mbeya wanaililia turbo. Watu wa nje huona mbwembwe. Lakini turbo inasukuma hewa ndani ya injini kwa nguvu ya moshi unaotoka, kwa hiyo inaweza kurudisha sehemu kubwa ya kile ambacho mwinuko umechukua. Gari la turbo likipanda kutoka Mbeya kuelekea Kawetire, kwenye barabara ya Chunya, linapumua vizuri pale ambapo gari la kawaida linahema. Kijana hajasoma kitabu cha fizikia kuhusu jambo hilo. Amelihisi mgongoni mwake, kwenye kiti.

Ndoto ya wengi wao ni Chaser au Mark II ya GX100 iliyotiwa injini ya 1JZ yenye turbo. Magari haya yalianza kutengenezwa 1996, na mengi yaliyofika kwetu yana injini ya 1G, lita mbili, nguvu farasi kama 140 hadi 160: injini tulivu, isiyo na makuu. 1JZ ina lita mbili na nusu na ilitangazwa kuwa na nguvu farasi 280, kiwango ambacho watengenezaji wa Japani walikuwa wamekubaliana wasikivuke kwa magari ya nyumbani kwao, makubaliano yaliyodumu hadi 2004. Bodi ni ileile, mikono ya injini inapatikana, gia boksi ya pedali tatu (manual) inatafutwa kwa udi na uvumba. Kwa Subaru hadithi ni tofauti: wao wana jina. Colin McRae alishinda Safari Rally ya 1997 kwa Impreza, na Richard Burns akafanya hivyo 2000. Kijana aliyezaliwa baada ya mashindano hayo anayazungumzia kama aliyekuwepo.

Ninachowasihi hawa vijana ni kukumbuka kwamba nguvu mpya inagusa kila kitu. Rejeta iliyotosha farasi 140 haitoshi 280. Klachi itateleza. Difu italia. Na breki, hasa breki. Kupanda Kitonga kunaonyesha nguvu ya gari, kuteremka kunaonyesha akili ya dereva. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa mwaka hadi mwaka. Yakiwa mapya, ya DOT 4 yanachemka kwenye nyuzijoto 230 au zaidi; yakiwa ya zamani yanachemka mapema sana, na yakichemka yanatoa mapovu, pedali inazama sakafuni na gari haliko nawe tena. Mzee wa Land Rover anateremka kwa gia ya pili, injini ikinguruma, mguu ukigusa breki kwa vipindi tu. Hapo ndipo vijana wanapokosa uvumilivu wa kujifunza, na ni mahali pabaya pa kukosea. Jambo jingine dogo lenye uzito: injini ikibadilishwa, namba yake inapaswa kubadilishwa kwenye kadi ya gari. Wengi wanapuuza, kisha wanakwama siku ya kuuza au siku ya ajali.

Ajali. Siwezi kuandika makala ya mapenzi ya magari ya ukanda huu nikaipita hiyo. Mlima Iwambi, Inyala, Senjele: mtu wa Mbeya akisikia majina hayo anakumbuka msiba. Barabara kuu imejaa malori yanayokwenda na kutoka Tunduma, mabasi, bajaji, bodaboda, wanafunzi wanaotembea kandokando. Mtu anayeshindana na mwenzake kwenye barabara hiyo usiku, hata kama gari lake limetengenezwa na fundi bora kuliko wote Mwanjelwa, anacheza na maisha ya watu ambao hawakukubali kuwa sehemu ya mchezo. Sina namna laini ya kulisema. Na wapenzi wa kweli wa magari wanapaswa kuwa wa kwanza kulikemea, kabla ya trafiki mwenye tochi.

Iringa imeonyesha njia nyingine. Mkoa huo umekuwa mwenyeji wa mbio za magari za kitaifa, na jina la Chifu Mkwawa limewekwa kwenye mashindano yaliyowahi kuwa katika kalenda ya ubingwa wa Afrika. Ahmed Huwel, dereva ambaye jina lake limehusishwa na mbio hizi kwa miaka mingi, amewapa vijana wa Iringa mtu wa kumtazama. Katika mbio rasmi barabara ya vumbi hufungwa, gari hukaguliwa, dereva huvaa helmeti, ndani ya bodi kuna kizimba cha vyuma, msoma ramani anataja kona kabla haijafika, na gari la wagonjwa liko tayari. Gari linaondoka peke yake, linashindana na saa. Tofauti kati ya hilo na kukimbizana pale Uyole ni tofauti ya mbingu na ardhi.

Si kila mwenye Altezza anaweza kumudu mbio za magari, nalijua hilo. Kuna michezo rahisi zaidi. Kupanga koni kwenye uwanja mpana na kupita katikati yake moja baada ya nyingine, kwa saa, kunahitaji uwanja, koni, saa na watu wa usalama. Spidi haivuki hata ya mjini, lakini nani anajua kuendesha na nani hajui hujulikana ndani ya dakika moja. Viwanja vya John Mwakangale jijini Mbeya vinajaa watu wakati wa Nanenane kila Agosti. Miezi mingine vina nafasi. Mufindi kuna mashamba yenye barabara za ndani za vumbi ndefu kuliko haja. Chama cha magari nchini, AAT, ndicho chenye mamlaka ya mchezo huu, na vijana wakiwasilisha ombi lililopangwa vizuri pamoja na wazee wenye magari ya kale, litasikilizwa tofauti na ombi la kundi la vijana peke yao.

Arusha walithubutu. Oktoba 2024 waliandaa tamasha la Land Rover kwa lengo la kuivunja rekodi ya msafara wa magari 632 iliyowekwa Ujerumani 2018, na magari yakaja kutoka kila upande wa nchi, yale ya watalii, ya mashamba, ya wazee. Nilipoziona picha za msafara ule niliwaza Land Rover zetu, zile 109 ambazo hadi leo zinapakia abiria na viazi kutoka vijiji vya milimani ambako basi haliwezi kufika. Bodi zake za aluminiamu hazishiki kutu, ingawa chasisi inaoza kimyakimya, na anayelinunua bila kugongagonga chasisi kwa nyundo anajitakia. Uzalishaji wa Defender ya zamani, iliyozirithi 109 hizo, ulikoma Januari 2016 huko Solihull, Uingereza. Hizi zilizopo ndizo zilizopo.

Hapo tunafika kwenye kodi, ambayo kila mpenzi wa magari ana la kusema juu yake. Tanzania haijazuia magari yenye umri mkubwa kama Kenya, ambayo haipokei gari lililozidi miaka minane. Sisi tunalitoza. Gari dogo la abiria lenye umri wa miaka minane hadi kumi linaongezewa ushuru wa asilimia 15 kwa ajili ya uchakavu, na lililozidi miaka kumi asilimia 30, juu ya ushuru wa forodha, ushuru wa ukubwa wa injini na VAT. Nia inaeleweka: nchi isigeuke jalala. Lakini sheria hiyo inalitazama gari la 1967 lililotunzwa kama lulu na gari la 2012 lililochoka kwa jicho moja. Shirikisho la kimataifa la magari ya kihistoria, FIVA, lina tafsiri iliyo wazi: gari lenye umri wa miaka 30 au zaidi, lililohifadhiwa katika hali yake ya asili, na ambalo halitumiki kama usafiri wa kila siku. Nchi kadhaa zimelitengea gari la namna hiyo fungu lake kwenye sheria za usajili na kodi. Sioni kwa nini sisi tusiwe nalo, pamoja na ukaguzi mkali ili lisiwe kichaka cha wakwepa kodi.

Mtaani nako kuna kodi yake, ya macho. Gari linapimwa kwa herufi ya namba. Mwenye namba E anatazamwa, mwenye namba D anavumiliwa, na mwenye namba A anaulizwa kwa nini haliuzi akanunua IST. Katika mazingira hayo, kulitunza gari la zamani ni uamuzi wa kila asubuhi, na wanaoufanya wanastahili heshima zaidi ya wanayoipata.

Na hesabu ya miaka 30 ina habari njema ambayo vijana wengi hawajaigundua. Impreza ya kwanza ilitoka 1992. Mark II ya GX90 ilitoka 1992 pia. Chaser ya 100 ya kwanza kabisa, ya 1996, inafikisha miaka 30 mwaka 2026. Magari ambayo wazee wanayaita ya watoto wa kelele yameanza kuwa magari ya kihistoria kwa kipimo cha dunia, na katika masoko ya nje tayari yanatafutwa kwa bei ambazo hapa tungezicheka miaka kumi iliyopita. Kijana wa Soweto, Mbeya, anayekata bodi ya GX90 leo ili kuingiza tairi pana hajui kwamba anakata kitu ambacho mwanawe atakitafuta kizima.

Kwa hiyo, anayeitoa 1G ili kuweka 1JZ asiiuze kwa wanunua chuma. Amimine mafuta kidogo kwenye kila silinda, azibe matundu ya plagi, aifunge kwa turubai, aandike namba yake kwenye daftari pamoja na tarehe. Rimu za kiwandani, viti, usukani, redio, kitabu cha maelekezo cha Kijapani kilichokuja na gari: vyote kwenye stoo. Wazee wa Peugeot wanalijua hili kwa uchungu, maana wao wamekuwa wakihangaikia hadi kitasa cha mlango kilichotupwa na fundi wa rangi.

Na ujuzi wenyewe utunzwe hivyohivyo. VETA Iringa na VETA Mbeya zinatoa vijana wanaojua kusoma kompyuta ya gari, jambo linalotakiwa. Kabureta inaelekea kubaki kwa wazee wachache wenye makopo ya jeti, na wazee hao hawaandiki. Wanafundisha kwa kuonyesha, kwa anayesimama karibu. Vijana wa Subaru na Chaser wana simu zenye kamera nzuri na kila Jumamosi wako gereji zilezile. Waombe ruhusa, warekodi kazi moja toka mwanzo hadi mwisho, waulize kwa nini kila hatua inafanyika, na waandike ukubwa wa jeti iliyofaa Mbeya na ile iliyofaa Kyela, kule chini kando ya Ziwa Nyasa, ambako hewa ni nzito zaidi. Waanze na kabureta ya Solex ya 504, kwa kuwa magari hayo bado yapo na mafundi wake bado wanaamka mapema kufungua gereji.